Mbao za Hidaya pale Kagunga

Pale Ujiji, ukitaka kumuudhi Hidaya binti Haruna, mwambie tu, "Njoo nikubebe." Utaondoka hapo huna hamu. Polio ilimkamata mguu wa kushoto angali ananyonya, na utoto wake wote aliupitisha mgongoni kwa kaka yake Abdulatif: madrasa mgongoni, shule mgongoni, hata harusini mgongoni. Watoto wa mtaa wakampa jina, Furushi la Abdulatif. Kaka mtu hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Hidaya zaidi, maana anayelalamika unaweza kumjibu. Siku alipopata magongo alimwambia kaka yake kwamba sasa apumzike. Tangu hapo hakuna mtu aliyembeba tena.

Mji mzima ulijua. Kule Kibirizi mashua za abiria hutia nanga majini tu, na wachukuzi huwabeba watu mgongoni hadi mchangani wasilowe. Mabibi wanene na masheikh wenye kanzu zao nyeupe hupanda migongo hiyo bila wasiwasi wowote. Hidaya alikuwa akishuka mwenyewe na magongo yake, maji kiunoni, kanga imemganda mwilini, na mchukuzi aliyejaribu kumsogelea alijuta kuzaliwa. Alikuwa muuza mawese sokoni, na mdomo alikuwa nao. Kwa mdomo huohuo chama cha watu wenye ulemavu kilimchagua kuwa mwenyekiti, na kwa mdomo huohuo zahanati ya mtaa ilijengewa mteremko pembeni ya ngazi. Kila kikao na wakubwa alikuwa na neno lake moja: mnatupangia bila kutuuliza. Alilisema mpaka wakubwa wenyewe wakawa wanammalizia.

Basi mwaka ule wa 2015 Burundi ilipochafuka, watu wakavuka mpaka na kumiminikia Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi, mlima mgongoni, ziwa usoni, na katikati kipande cha mchanga. Watu walijazana pale hata pa kutandika mkeka pakawa pa kugombania. Gari halifiki. Njia ya kutoka ilikuwa meli iliyosimama mbali kwenye kina, na mashua za mbao zikipeleka watu huko tangu asubuhi, wachukuzi wakiwavusha majini kama ilivyo desturi. Shirika moja la misaada lilituma salamu Ujiji: wako watu wasioweza kutembea, chama kilete mtu anayeyajua mambo yao. Nani aende kama si Hidaya?

Alifika asubuhi, akashuka majini mwenyewe kama kawaida yake. Kitu cha kwanza alichokiona ni mchukuzi mmoja wa palepale, Gasper, amemtupia begani mzee aliyekatwa mguu, kichwa kinaning'inia nyuma, kofia imeanguka, watu wanatazama. Damu ikamchemka. Alimtafuta mkuu wa zoezi, kijana wa shirika aliyeitwa Dismasi, akamkuta amechoka, macho mekundu. Dismasi alimwamkia kwa heshima, kisha akamweleza utaratibu: wasioweza kutembea hubebwa kwanza, kabla ya msongamano, halafu jamaa zao hufuata na mashua za nyuma, wanakutana melini.

"Hawa ni watu, si magunia ya dagaa," Hidaya alisema. "Hawataki kubebwa. Jengeni daraja la mbao mpaka kwenye mashua, kila mtu apite kwa heshima yake."

Dismasi akauliza kwa upole kama wenyewe wamesema hivyo.

"Mwenyewe si ndiye mimi?"

Kijana angejibu nini? Mtaalamu aliyeitwa ndiye huyo. Akamwambia Gasper na wenzake wapumzike, akatuma watu kwa mafundi wa mitumbwi kuomba mbao.

Hidaya akapita kwenye mikeka kuwapa watu habari njema. Chini ya jabali alimkuta mama mmoja mtu mzima, Verediana, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa yote miwili kwa maradhi ya uti wa mgongo. Mwanawe Selestini ndiye aliyembeba kutoka kwao, milima yote ile. Alikuwa amekwisha kumfunga kitambaa kichwani tayari kwa safari, naye akatangulia na mkewe na watoto kushika foleni, akijua mama atapita mbele yao. Hidaya alimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, mama akaitikia kwa furaha. Hidaya akamwambia leo habari ya kutupwa begani imekwisha, subiri mbao. Verediana akafungua kinywa kutaka kusema jambo. Hidaya alikuwa ameshageuka kuelekea mkeka mwingine.

Ziwa Tanganyika lina tabia yake. Asubuhi limelala, jua likipanda upepo unaliamsha. Mafundi walizama mpaka kifuani wakigongea nguzo, wimbi likaja likaziinamisha, wakaanza upya. Ubao ukishikwa huku, kule unang'oka. Watu waliokuwa na miguu yao walivuka kando ya mafundi huku wakitazama kazi ile kwa huruma. Hidaya alisimama mchangani akitoa amri, akiamini bado kidogo tu. Alasiri meli ikapiga honi, akadhani ni ya kuita mashua ya mwisho. Ilikuwa ya kuaga.

Watu wake wote walibaki. Wengi walibaki na jamaa zao kando yao, wakanung'unika, wakatandika upya. Verediana alibaki peke yake. Selestini alipofika ukingoni aliulizia wasiotembea, mtu fulani akamjibu kwamba hao hutangulia daima, naye akapanda mashua na watoto wake akiwa na moyo mweupe. Hidaya alipoambiwa hivyo na Dismasi, alisema meli itarudi. Dismasi akasema ndiyo, itarudi, lakini si kesho, kwa upole uleule. Hidaya aliona afadhali angetukanwa.

Waliokuwa kwenye kijiji kile siku zile wanajua choo kilikuwa mbali na foleni yake ndefu. Asubuhi iliyofuata Hidaya alikwenda chini ya jabali na uji kwenye kikombe. Alianza kunusa kabla hajafika. Verediana alikuwa amejifunika kanga usoni, mchana kweupe, kama maiti. Kila jioni mwanawe ndiye aliyekuwa akimpeleka. Usiku huo alivumilia, akaita, walio jirani hawakumjua, akavumilia tena, kisha mwili ukamshinda. Hakutaka uji. Hakutaka kutazamwa.

Hidaya aliweka kikombe chini. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ule mzima na ule mbovu, mpaka masikioni. Maisha yake yote alikuwa ameionea aibu migongo ya watu. Hakuwahi kukutana na aibu iliyolala namna hii, na hii alikuwa ameileta yeye. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alidhani kakilalia. Kumbe cha kwake kilikuwa kingine, chenye mguu mmoja mzima na magongo mawili.

Akaomba maji, akachomeka vijiti mchangani na kuvizungushia kanga, akamwosha. Haikuwa kazi ya mtu wa magongo. Ilibidi akae chini mchangani na kujiburuta upande huu na upande ule. Akamvisha kanga yake mpya aliyokuja nayo ya kubadilisha. Alipomaliza akasema, "Mama, nisamehe. Nilidhani hutaki kubebwa."

Verediana akaondoa kanga usoni.

"Mwananje," alisema polepole kwa Kiswahili chake cha Kirundi, "mie nabebwa tangu wewe hujazaliwa. Nani alikuambia sitaki? Ningekuambia, lakini ulikuwa na haraka."

Ni neno la Hidaya mwenyewe lililokuwa limerudi kumtafuta, lile la kupangiwa bila kuulizwa, na lilimkuta amekaa mchangani kanga imelowa. Siku ile na iliyofuata alilala kando ya mama yule, akimwita Gasper kila ilipobidi ampeleke chooni. Ilimbidi kwanza amwombe Gasper radhi, na Gasper akasema hakuna neno mama, kwa sauti ya mtu mwenye neno. Mbao zilibaki zimeegemezwa jabalini, na kila aliyepita aliziangalia kisha akamwangalia yeye.

Meli iliporudi, wasiotembea walibebwa kwanza, kama zamani. Lakini ziwa lilikuwa limechafuka hata Kigoma, na mashua iliyowatoa melini ikasimama mbali kidogo na mchanga. Wachukuzi wakaingia majini. Na mbele yao wote, akija mbio huku akianguka na kuinuka, alikuwa Selestini. Alikuwa amekataa kupanda basi la kwenda kambini. Alikuwa amekaa ufukweni tangu alipoipekua meli nzima asimwone mama yake, wakubwa wakimfukuza, yeye akirudi.

Alifika ubavuni mwa mashua akaganda hapo, akilia bila kujificha. Kisha akageuka na kuinamisha mgongo, kama alivyozoea miaka yote. Hidaya akamzuia kwa mkono. Akamgeukia Verediana.

"Mama, wewe unataka kushuka vipi?"

Watu wakasubiri, maji yakipiga mbao za mashua. Verediana alikuwa kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakujua kwamba anacho.

"Nisishuke upesi," alisema mwishowe. "Waachwe wapite kwanza hawa wanaotazama. Na mgongoni hapana. Mgongoni naona shingo yake tu, tangu kwetu naona shingo yake. Anibebe mbele, niione hiyo Kigoma."

Selestini alimtazama mama yake kwa mshangao. Hata yeye, mtoto mwema kuliko wote, hakuwahi kumuuliza. Walisubiri mpaka watu wakapungua, kisha akampakata mikononi, kanga ya Hidaya imemfunika vizuri miguu, naye akawa ananyoosha shingo kutazama huku na huku kama bibi harusi mkorofi. Hidaya akafuata nyuma na magongo yake, maji kiunoni. Hakuna aliyejitolea kumbeba, na safari hii hakujua kama anashukuru.

Mchangani Selestini alimweka mama yake chini, akamfuata Hidaya akiwa amenyoosha mikono yote miwili, akamshika viganja.

"Wameniambia ni wewe ulilala naye, ukamwosha," alisema. "Mungu akulipe, mama. Yule aliyemwacha kule simjui, na sitaki kumjua."

Hidaya akatazama nyuma ya bega la kijana. Verediana alikuwa ameyasikia yote. Alikuwa anamtazama, akimwachia aseme mwenyewe atakavyo. Safari hii aliyeulizwa alikuwa Hidaya.

Alilowanisha midomo. Alijua neno la kusema, kwamba ni yeye aliyemwacha, na maishani mwake mpaka siku ile hakuwahi kukosa pumzi ya kusema neno.

"Karibuni Kigoma," akasema.