Makoti Meupe na Chumba cha Ulezi

Nilipoanza kazi kwenye kiwanda cha unga pale Majengo, Sumbawanga, kila mtu alivaa alichokuwa nacho. Mimi nilivaa sketi yangu ya zamani ya shule na fulana ya kipaimara ya mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka kijijini Kate na kufikia kwa mama mdogo, na kazi ya kufungasha unga ndiyo ya kwanza niliyoipata mjini.

Nasema kiwanda, lakini lilikuwa ghala moja refu. Mbele kulikuwa na mashine za kukoboa na kusaga, katikati meza yetu ya kufungashia sembe, na nyuma kabisa chumba cha ulezi. Chumba hicho hakuna aliyekipenda. Vumbi la ulezi ni la rangi ya udongo, linaingia mpaka masikioni, na ukitoka humo jioni unafanana na tofali. Ilikuwa kawaida kumpeleka huko aliyechelewa kazini.

Mwenye kiwanda alikuwa mama mfanyabiashara tuliyemwita Hajati. Mwanawe alipomaliza chuo alikuja kutusimamia, tukamwita Bosi Mdogo, ingawa alikuwa mrefu kiasi cha kuinama mlangoni. Alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, anayetuamkia wote. Shida yake ilikuwa moja tu: akiambiwa jambo, alilitekeleza mara tatu zaidi ya alivyoambiwa.

Siku moja afisa afya alipita akasema wafungashaji wavae mavazi ya rangi nyepesi, ili uchafu uonekane, na wafunike nywele. Baada ya wiki mbili Bosi Mdogo akatuletea makoti meupe, kofia nyeupe, na suruali nyeupe pee, zote zimekunjwa kama za harusi.

"Jamani," alisema kwa fahari, "nguo nyeupe haifichi kitu."

Sisi wanawake sita wa mezani tukatazamana. Wa kwanza kusema alikuwa bibi anayeshika chekeche, mwanamke wa makamo wa Kifipa ambaye umri wake ulikuwa umeshamwondoa katika hesabu za kila mwezi. Alituangalia mmoja mmoja, akasema polepole, "Poleni, wanangu."

Bosi Mdogo alidhani anatupa pole kwa kufua.

Mwezi wa kwanza tulijifunza mengi. Tulijifunza kuvaa nguo za ndani mbili mbili, na juu ya hizo kaptula nyeusi ya kubana, ambayo nayo ilionekana chini ya suruali kama kivuli cha mlima. Tulijifunza kutokaa. Ilikuwa Juni, upepo wa Sumbawanga unakata ngozi, kwa hiyo tukaja na masweta na kuyafunga kiunoni. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano Bosi Mdogo akasema manyoya ya sweta yanaweza kuingia kwenye unga, na isitoshe, "Sweta linavaliwa mwilini, dada zangu. Baridi haianzii kiunoni."

Tukabaki na njia moja, kukaguana nyuma kama kuna doa. Lakini huwezi kumuuliza mwenzako swali kama hilo mbele ya wanaume waliokuja kupakia mifuko, kwa hiyo tukaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ukiinuka, unapita mbele ya mwenzako na kuuliza, "Anga ikoje?" Akijibu "safi," unaendelea. Akijibu "mawingu," unaenda kujiangalia. Akisema "mvua imenyesha," hapo huendi mahali ila umegeuza mgongo ukutani.

Mpango ulikuwa mzuri, isipokuwa hatukumfikiria fundi wa mashine. Huyu alikuwa baba wa watoto wanne, mtu mwenye bidii, na kazi yake nyingine ilikuwa kulinda mahindi yaliyoanikwa uani. Kila aliposikia "mvua imenyesha," alizima mashine, akakamata turubai na kutoka mbio. Nje jua kali, anga ya Julai haina hata doa. Anarudi akihema.

"Nani kasema mvua?"

"Tulikuwa tunaongelea kwetu, kaka," tunamjibu.

"Kwenu wapi kunanyesha mwezi huu?"

"Kule chini bondeni. Milepa."

Alianza kuamini kwamba Milepa kuna tatizo.

Kisha ikaja siku yangu. Afisa afya alirudi kukagua, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nashona midomo ya mifuko. Nilihesabu vibaya. Nilitegemea kesho. Nilipoinuka kuchukua uzi, mwenzangu wa mezani hakusubiri hata niulize.

"Mvua," alisema. "Tena ya mawe."

Fundi akapita na turubai.

Mwenzangu alinivuta nyuma ya magunia ya pumba akaanza kunisugua kwa maji baridi. Doa likakubali kupungua rangi, lakini likaongezeka ukubwa. Tukiwa tunajadili, tukasikia sauti ya Bosi Mdogo mlangoni akimkaribisha mgeni. Mwenzangu akababaika, akachota unga uliomwagika sakafuni na kunipaka. "Unga mweupe, nguo nyeupe," alisema, "hakuna atakayejua."

Wote wawili ni watu tuliosonga ugali tangu utotoni, na hakuna aliyekumbuka kitakachotokea unga ukikutana na maji. Ndani ya dakika moja nilikuwa nimebeba nyuma bonge linaloganda, zito, la rangi ya waridi.

"Yule pale," Bosi Mdogo alisema, akaninyooshea mkono. "Dada, njoo. Geuka afisa aone kofia inavyofunika nywele za nyuma."

Nikasogea hatua mbili, nikasimama. Nikageuza shingo tu, mpaka ikalia.

"Geuka yote."

"Siwezi, bosi."

"Kwa nini?"

"Shingo."

Hata leo sijui nilimaanisha nini. Afisa afya, ambaye alikuwa mwanaume mtu mzima, aliniangalia kwa huruma akasema nikapate dawa ya kuchua. Nikashukuru. Nikaanza kurudi kinyumenyume, natabasamu, hatua kwa hatua, napapasa ukuta kwa mikono, mpaka mgongo wangu ukasukuma mlango wa chumba cha ulezi nikaangukia ndani, juu ya magunia matupu.

Nilipojiinua nilikuwa mwekundu mwili mzima. Koti, suruali, kofia, nyusi. Nikajiangalia nyuma kwenye kioo kilichovunjika kule ndani. Hakukuwa na doa. Au tuseme doa lilikuwa mimi mzima, na hakuna sheria iliyomkataza mtu wa ulezi kufanana na ulezi. Nilijifuta lile bonge, nikabadilisha nilichopaswa kubadilisha, nikanawa, na siku hiyo nikaomba kubaki humo nikishona mifuko. Nilifanya kazi nimekaa, nimetulia, nikiimba.

Habari zikaenea mezani kabla ya saa saba. Kuanzia wiki ile chumba kilichokuwa adhabu kikawa kinagombewa. "Bosi, leo naomba ulezi." "Bosi, mimi siku tatu hizi naomba ulezi." Bosi Mdogo mwanzoni alifurahi. Alitusifia kwa mama yake kwamba tumeacha uvivu. Halafu akaanza kufikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikotuletea balaa.

Mwezi wa tano wa makoti meupe alituita wote uani baada ya chakula cha mchana. Hajati alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mtandio wake. Fundi naye aliitwa. Bosi Mdogo alikuwa ameshika daftari.

"Sipendi kumshuku mtu," alianza, na uso wake ulionyesha kweli hapendi. "Lakini nimekuwa nikiandika. Wewe," akanigeukia, "kila baada ya wiki nne unaomba ulezi. Siku nne, halafu huombi tena. Huyu naye hivyohivyo, siku tano. Huyu siku tatu. Mnapokezana. Hili ni jambo la mpango."

Tulitazama chini. Mimi nilianza kuhesabu kokoto.

"Najua ulezi unapikiwa pombe," aliendelea. "Mimi sinywi na sijui mambo yake. Nauliza tu. Pombe ya ulezi inachukua wiki nne kuiva?"

Bibi wa chekeche akakohoa. "Pombe gani ya wiki nne, mwanangu? Hiyo ni siki."

"Basi mnaupeleka wapi?"

"Umepima magunia?" Hajati akauliza.

"Nimepima, mama. Hakuna kilichopungua. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa."

Nilitaka kusema, lakini kila neno nililolijua kwa Kiswahili lilionekana kubwa mno kwa uani pale, na ya Kifipa nilifundishwa nisiyaseme mbele ya mwanaume yeyote, sembuse bosi. Wenzangu walikuwa hivyohivyo. Mmoja alisema, "Ni afya tu, bosi." Mwingine akasema, "Ni mambo ya hali ya hewa."

Fundi akatazama juu.

Bibi akaweka chekeche chini na kujifuta mikono.

"Mwanangu, hawa ni wanawake. Wanaingia mwezini. Umewapa suruali nyeupe. Vumbi la ulezi ni jekundu. Umeelewa au nichore?"

Nilimwona akielewa. Kulianzia masikioni, yakawa mekundu, kukashuka shingoni. Akatazama daftari lililokuwa wazi mkononi, mistari yake mizuri, majina yetu na siku zetu.

"Kwa hiyo hili nililoandika..." alisema.

"Ndiyo," Hajati akamjibu. "Umeandika siku za wanawake sita kwa miezi mitatu. Hata waume zao hawana kumbukumbu hizo."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, kiti kikayumba, na bibi akaenda kumshika. Bosi Mdogo alilibeba daftari kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akitafuta pa kuliweka.

"Lichome," mama yake akasema, akifuta machozi. "Una dada watatu, umesoma chuo kikuu, na hukuona jambo hili?"

"Hawakuniambia, mama."

"Hata mimi, kama wewe ungekuwa bosi wangu, nisingekuambia." Halafu akatugeukia sisi, na hapo hakuwa anacheka tena. "Nanyi mngekuja kwangu. Mimi nilikaa dukani miaka ishirini. Mnadhani siku kama hizo nilikuwa nakaa juu ya gunia la chumvi bila kuinuka kwa kupenda?"

Ndipo fundi akainua mkono kama yuko darasani. "Samahani. Kwa hiyo ile mvua..."

Bibi akamwitikia kwa kichwa.

"Miezi yote hiyo," alisema taratibu, "nakimbia na turubai."

Kesho yake Bosi Mdogo alikwenda kwa afisa afya kuomba ruhusa ya suruali nyeusi. Afisa alimwambia koti jepesi na kofia vinatosha, na akamuuliza nani alimtuma kununua suruali nyeupe. Basi tukapelekwa kwa fundi cherehani, makoti yakakatwa usawa wa kiuno, na tukashonewa suruali za rangi ya kahawa. Chooni kukawekwa komeo, na kabati dogo la taulo za kike ambalo Hajati alilijaza mwenyewe.

Bosi Mdogo naye alitekeleza mara tatu zaidi, kama kawaida yake. Kila asubuhi alikuwa akipita mezani akisema "poleni" kwa sauti ya msibani, kwa kila mtu, bila kubagua. Bibi wa chekeche alimjibu, "Mimi ni mwaka wa kumi sasa, lakini asante." Ilituchukua wiki kadhaa kumwachisha.

Siku ya kwanza ya suruali mpya tulitoka kula mchana tukiwa wote sita. Palikuwa na jua na upepo kidogo. Nilikaa juu ya gunia la pumba, nikanyoosha miguu, nikala ugali na maharage mpaka nikamaliza, kisha nikaendelea tu kukaa. Mwenzangu alinipa chumvi, tukaongea habari za mahindi ya nyumbani. Kumbe nilikuwa kwenye siku zangu. Nilikuja kukumbuka saa tisa.