Tofali Ndani ya Ndoo

Mimi ni mwalimu, na ubaya wa mwalimu ni kwamba hapendi kuuliza. Nilipoamua kumjengea mama chumba nyuma ya nyumba yangu, mtaani Kinanira, nikajiambia tofali ni tofali, kuna nini cha kuuliza? Nikanunua kamyo nzima, lori limejaa pomoni, matofali mekundu, mazuri kweli, bila kumngoja fundi.

Fundi, mzee wa Buyenzi asiyevua kofia yake ya swala, alikuja asubuhi. Akaokota matofali mawili, akayagonganisha karibu na sikio, kama mtu anayechagua sahani sokoni. Yakalia pu.

"Nani alikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe."

"Apana, mwalimu. Mi sijengi na hii. Iliona moto kwa mbali tu."

Nilikasirika, jamani! Mvua zilikuwa zinakaribia, na mama alikuwa bado katika nyumba yetu ya zamani, ya matofali mabichi. Kila mvua iliponyesha aliinuka kupapasa ukuta kwa kiganja, kuona kama umelowa. Nimekua nikimtazama akipapasa. Mwaka mmoja ukuta wa jikoni ulianguka kweli, tukaokota sufuria kwenye tope.

Mzee hakubishana. Akatumbukiza tofali langu moja ndani ya ndoo ya maji, akasema tungoje kesho. Kesho yake nikaingiza mkono, nikatoa uji wa udongo. Aibu gani ile!

"Mzee, nifundishe. Kila kitu, kuanzia chini."

Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Chini kabisa ni moelo, akasema, mawe makubwa ya msingi, maana udongo wa mteremko wetu hautulii. Mchanga unausugua viganjani, ukiacha tope, mrudishie aliyekuuzia. Garaviye, zile kokoto, ndizo zinazoshikana na sima, yaani saruji, kwenye nguzo. Nikaandika yote katika daftari la darasani, mimi na nywele zangu za mvi. Matofali yangu mazuri yakawa banda la kuku, chini ya mabati mapana, na chumba kikajengwa kwa mengine, yaliyolia kama kengele sikioni mwa mzee.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta alasiri, mama na mimi, tunakunywa chai ndani ya chumba kipya. Mara akaweka kikombe chini, akainuka, akapeleka kiganja ukutani. Akapapasa huku, akapapasa kule, hadi pembeni, kisha akarudi kuketi.

Mvua ilipiga saa nzima. Hakuinuka tena.

"Niongezee chai," akasema.