Dhambi Niliyomfundisha Kuungama

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la tatu la wasichana, shule ya misheni hapa Bukavu, na nilijiona najua watoto kuliko mama zao. Nilikuwa na hasira za karibu. Orodha ya watakaopokea Komunyo ya kwanza niliishika mimi, basi nikavimba kichwa.

Mmoja wao, wa miaka tisa, alitembea kila asubuhi kutoka Kasha. Alianza imla vizuri, mistari miwili, kisha mvua ikigonga mabati kalamu inasimama na macho yanahamia dirishani. Alijibu kabla swali halijaisha. Ukimtuma nyumbani kufuata daftari alilosahau, anarudi na mboga. Nilimpigisha magoti, nikaandika kwenye ripoti yake: mwenendo mbaya.

Jirani yake wa dawati sikumwadhibu hata siku moja. Alikaa ametulia, mikono juu ya meza.

Wiki ya mwisho nilimtuma yule wa Kasha akafunge banda la kuku la masista. Njiani akaona mafundi wanajenga ukuta, akasimama kutazama. Kuku wakamaliza miche yote ya kabichi. Nilifuta jina lake mbele ya wenzake.

Mama yake alikuja mchana uleule, gauni jeupe la sherehe amelifunga ndani ya kitambaa cha kikwembe.

"Mademoiselle, tafazali. Mutoto hana roho mubaya. Kichwa yake tu njo inakimbiaka."

"Maman, huyu anafanya kusudi," nilimjibu.

Mtoto, aliyesimama nyuma ya mama yake, akaniuliza taratibu, "Mademoiselle, ulitufundisha zambi ni kujua na kutaka. Miye sikutaka. Sasa nitasema nini kwa padiri?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki. Nilimwambia, "Sema hukutii, tena kwa kusudi. Ukiungama hivyo nitakurudisha kwenye orodha."

Jumamosi alitoka kwa padri macho mekundu. "Nimesema, Mademoiselle." Jumapili akapokea, gauni likimpwaya mabegani, mama yake akanishukuru kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, kupitia dirisha la darasa, nilimwona yule mtulivu akichungulia mlango kama ninakuja, halafu akamwaga wino juu ya daftari la mwenzake wa Kasha, polepole, akarudisha mikono mezani. Ndipo nilipowaona wote wawili jinsi walivyo, kwa mara ya kwanza.

Sikumwambia mtu. Nilipokwenda kuungama nilitaja hasira na masengenyo, nikanyamaza kuhusu mtoto wa watu niliyemfanya adanganye mbele ya Mungu. Bado naona aibu. Katika mwaka mzima nilimpa maagizo mengi yasiyo na hesabu, na hilo la kuungama ndilo pekee ambalo hakulisahau.