Siku Mwalimu Alipochomoa Waya

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Miaka ile ya soko huria, mitumba ya kila namna ilipoanza kumiminika Dodoma, hadi kompyuta zikaja kwa mafungu, mimi na mwenzangu mmoja tulipanga vyumba viwili Nkuhungu tukafungua karakana. Mwenzangu alikuwa amesomea uhandisi, mpole, mrefu, mtu wa kucheka hata ukimtukana. Tulizichukua zile kompyuta chakavu, tukazipuliza vumbi, tukazitia mfumo wa bure, ule ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Wa kwetu tuliuunganisha wenyewe ili uendane na mashine kongwe, tukauchoma kwenye CD na kuandika juu yake kwa kalamu nene: TOLEO LETU. Shule kadhaa, parokia moja na ofisi mpaka Chamwino zilikuwa zinautumia. Tulijiona watu kwelikweli!

Adui yetu alikuwa umeme. Ukikatika ghafla, mashine ikiwashwa tena ilianza kukagua diski nzima, kipande kwa kipande. Unaweza kwenda sokoni, ukabishania bei ya mchicha, ukarudi, bado inakagua. Mbaya zaidi, kuna mafaili yaliyotoka humo yakiwa vipande visivyo na majina. Basi nikaweka sheria: karakanani kwangu hakuna kuzima mashine ila kwa utaratibu, hatua zote, hadi yenyewe iseme imemaliza. Anayekiuka ananunua soda za watu wote. Saa ya mgao wa umeme ikikaribia, tulizima kila kitu mapema kama watu wanaofunga ibada. Mwenzangu aliniita bwana jela, na mimi ni mwanamke.

Aliyeumizwa na umeme kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja mstaafu wa Mvumi. Alikuwa anakusanya maneno ya Kigogo: majina ya nyasi, ya mvua, ya rangi za ng'ombe, maneno ambayo hata wanawe hawakuyajua. Daftari zake za zamani zililiwa na mchwa, kwa hiyo mengi yalibaki kichwani mwake tu. Tulimpa kompyuta. Mara ya kwanza umeme ulipokatika, alipoteza kazi ya wiki mbili. Mara ya pili, ya mwezi mzima, na alipokaa kuyaandika upya, majina matatu ya mvua yaligoma kurudi. Alipanda pikapu na kompyuta yake mapajani, akaja akaitua juu ya meza yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sanduku lako hilo. Mimi ni mzee, mwanangu. Nikipoteza mengine sina pa kuyaokota."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwomba anipe mwezi mmoja tu. Akaguna, akaondoka, na sanduku akaliacha.

Kumbe Mungu si Athumani. Wiki ileile rafiki yetu wa Dar akatutumia kifurushi kwa basi, na ndani yake kulikuwa na CD yenye kiini kipya cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha diski, kipanya, printa na kila kitu. Kiini hiki, barua yake ilieleza, kilikuwa na jambo jipya: kabla ya kugusa diski, kinaandika kwanza kwenye kijidaftari chake kinataka kufanya nini. Umeme ukikatika katikati, kikiamka kinasoma kijidaftari, kinamalizia au kinafuta, basi. Hakuna kukagua diski nzima. Nilipiga kigelegele palepale stendi, wapiga debe wakaniuliza nimeolewa lini.

Sasa usidhani kiini kinamiminwa tu kama uji kwenye kikombe. Toleo letu lilikuwa na viraka vyetu wenyewe, na kila kiraka kilishonwa juu ya kiini cha zamani. Ukitengeneza diski, kipanya kinakufa. Ukifufua kipanya, printa inatapika karatasi tupu. Kukipika kiini kizima, yaani kukijenga upya pamoja na viraka vyetu, kwenye mashine yetu yenye nguvu kuliko zote kulianza asubuhi kukaisha alasiri, na kosa moja tu, unaanza upya. Tulikipika wiki tatu. Hatimaye kikaiva. Kila siku tukawa tunakijaribu: tunawasha, tunaandika, tunahifadhi, tunazima kwa utaratibu, tunawasha tena. Safi kabisa! Nikamwita mwalimu.

Alikaa, akavua kofia, nikamweleza habari za kijidaftari kwa mbwembwe zote. Alinisikiliza kwa adabu, kama anamsikiliza mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Kisha akainama chini ya meza, akachomoa waya.

Jamani. Katika wiki tatu zile, hakuna hata mmoja wetu aliyefanya hivyo.

Tukachomeka, tukawasha. Mashine ikaanza kukagua diski nzima, kipande kwa kipande. Mwalimu alitazama namba zikipanda, akavaa kofia yake. "Nyumbani nina taipureta," akasema, na akatoka.

Alipovuka tu mlango nilimgeukia mwenzangu. Nilimwita mvivu, nikamwambia vyeti vyake akafungie maandazi, nikasema mengine ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Yeye akavuta kiti, akafungua orodha ya yale tuliyochagua wakati wa kupika, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kijidaftari hakikuwa ndani ya kiini. Kilikuwa nje, kipande cha pembeni cha kuitwa baadaye, mashine ikishaamka. Lakini diski inafunguliwa mwanzoni kabisa! Mashine ilipokosa kijidaftari ilifungua diski kwa njia ya zamani, bila kulalamika. Na aliyekitoa nje ili kiini kiwe chepesi, akajisifu siku nzima, ni mimi.

Wiki tatu tulikuwa tunajaribu kitu ambacho hakikuwepo. Na tusingejua kamwe, kwa sababu sheria yangu ilikataza jaribio pekee lililokuwa na maana. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikamwomba mwenzangu radhi, na radhi mimi siombi ovyo.

Tukakirudisha ndani, tukapika tena. Kilipoiva, mkono wangu ulikataa kabisa kuugusa ule waya, ikabidi nifumbe macho. Nikachomoa. Nikachomoa tena. Siku nzima tulichomoa kwa zamu, na mashine ikaamka kila mara bila kukagua kitu. Kesho yake tulipanda pikapu kwenda Mvumi, sanduku la mwalimu mapajani mwangu.

Tulimkuta barazani anabangua karanga. Hakusema karibu wala ondokeni, alituonyesha tu soketi. Akaketi, akaanza kuandika kwa vidole viwili, pua karibu na kioo. Aliandika nyasi, akaandika ng'ombe, akafika kwenye mvua. Hapo vidole vikasimama, midomo ikichezacheza. Ghafla akapiga paja lake, "Aa!" na akaandika neno moja. Lilikuwa mojawapo ya yale matatu. Akalihifadhi, akanigeukia.

"Sasa chomoa."

"Mwalimu, tafadhali, liandike kwanza hata kwenye karatasi."

"Kama wewe uliyeitengeneza unaogopa, mimi nitaiamini vipi?"

Mwenzangu alikuwa ameacha kucheka. Nikapiga magoti kwenye maganda ya karanga, nikaushika waya, na safari hii sikufumba macho. Nikachomoa. Kioo kikawa cheusi, na pale barazani ikabaki sauti ya kuku tu.

Nikachomeka. Mashine ikaunguruma, ikapita pale pa kukagua bila kusimama, ikafunguka. Mwalimu akafungua faili lake, akaanza kusoma kutoka juu, neno kwa neno, kwa sauti, kidole juu ya kioo. Nyasi. Ng'ombe. Mvua. Alipofika kwenye lile neno alilisoma mara mbili.

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Haya, nendeni," akasema, tayari ametugeuzia mgongo. "Nina kazi."