Boliti ya Breki kwenye Tangi la Maji Moto

Kwetu Buyenzi, mtaa wa mafundi mjini Bujumbura, kitu kikivuja nyumbani kwa fundi ni aibu ya ukoo mzima. Watoto watapita wanacheka, wateja watapita kimya, na huko kupita kimya ndiko kubaya zaidi. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, tena fundi kweli, simsifu bure. Alizoea kusema mbele za watu, "Kwangu mi, kitu cha kuvuja akuna." Nami mkewe nilijivunia maneno hayo kama mjinga.

Mwaka mmoja, katikati ya vita, nilijifungua. Baada ya mimba mbili kuharibika, Mungu alinipa mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele tele na sauti ya kuamsha mtaa. Vita tulikuwa tumevizoea, kama mtu anaweza kusema hivyo. Milio ilisikika upande wa milimani, siku nyingine karibu, siku nyingine mbali, na sisi tuliendelea kupika. Shida kubwa kwangu ilikuwa makaa. Malori ya makaa yalikuwa yanaviziwa barabarani, gunia likifika mjini watu wanaligombania. Na mzazi, kwa desturi yetu, hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, asubuhi na jioni, wala hakanyagi nje ya nyumba mpaka arobaini itimie. Mama yangu alihamia kwangu kwa kazi hiyo. Alikuwa na sheria moja tu: maji yasiyomtoa mzazi kelele si maji ya mzazi.

Siku ya tatu alimgeukia mume wangu. "Mukwe wangu, makaa imeisha. Mutoto wangu nitamukanda na mate?"

Lahaula! Mwanamume kuambiwa hivyo mbele ya mkewe! Alitoka bila kumaliza chakula, na kesho yake akarudi na tangi la umeme la kuchemshia maji, lile jeupe, refu, la kutundika ukutani. Lilitoka kwenye nyumba moja ya Rohero, mtaa wa wenye pesa, ambayo wenyewe walikuwa wanahama nchi. Aliwatengenezea gari, wakamwachia tangi. Alilitundika mwenyewe kwenye ukuta wa bafu, ukuta uleule ambao upande wa pili ndipo kilipoegemea kitanda chetu. Cheti cha ufundi wa mabomba? Nani alikuwa anauliza cheti siku zile! Wenye vyeti wengi walikuwa wamekimbia, vifaa vipya haviingii nchini kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, na mume wangu aliona kwamba aliyefufua injini ya lori hawezi kushindwa na pipa la maji.

Likafanya kazi. Ila kwa macho yetu lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, maji yakifika moto kiasi fulani, lilijizima lenyewe, na Mama akaguna kwamba hayo ni maji ya kunawia bwana harusi. Mume wangu akaking'oa kile kidude kinachokata umeme, akaunganisha waya moja kwa moja. Ya pili, chini ya tangi palikuwa na valvu ndogo iliyokuwa ikidondosha maji kila linapopata moto. Tone, tone, tone, kwenye sakafu ya fundi wa Buyenzi! Hilo hakulilalia. Alileta boliti ya breki ya Toyota, akaikaza kwenye tundu la valvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akawaita mafundi wenzake waje kutazama.

"Angalieni. Ata tone!"

Wakampigia makofi. Nami kule kitandani nilicheka kwa raha. Jioni hiyo Mama alipata maji yake, nikapiga kelele kama inavyotakiwa.

Aliyekuja kutuharibia raha alikuwa muuza mawese. Alikuwa Mkongomani wa makamo, mkimbizi, aliyekuwa akipitisha mafuta yake mpakani Gatumba na kutuletea mpaka jikoni. Siku hiyo aliomba kunawa mikono bafuni, akakawia huko. Alipotoka, uso ulikuwa umembadilika.

"Mama, ni nani alifunga pale chini?"

"Ni baba ya mutoto. Ilikuwa inavuja."

"Apana kuvuja, mama! Ile inapumua. Mi nilifanya kazi ya mabomba kwenye hoteli kule Bukavu, miaka mingi. Maji ikipata moto inapanuka, inatafuta pa kutokea. Mukifunga pale, itapasua yote." Akachungulia mlango wa chumba, akakiona kitanda na mtoto juu yake. "Na mutoto analala pale? Yesu wangu! Zima umeme, mama. Zima leo."

Nilishtuka mpaka maziwa yakanikatika. Siku ile sikuweza kunyonyesha mpaka magharibi. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, neno kwa neno. Kwanza alicheka, halafu akanuna.

"Muuza mawese ndiye atanifundisha kazi?"

"Si muuza mawese, alikuwa fundi."

"Na mi ni nani?"

Ndiyo basi. Kuanzia hapo nilikuwa nikizima swichi kimyakimya, Mama anaiwasha. Nazima, anawasha. "Unataka damu ikugande tumboni?" aliniuliza, na macho yamemtoka. Nikimwambia habari ya boliti, ananiambia mume wangu anajua kazi yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na nyumbani kwangu masikio ya namna hiyo yalikuwa manne.

Siku ya thelathini na tatu mimi na mume wangu tuligombana kweli. Ilikuwa mchana, umeme umekatika tangu juzi, na mimi nilimwambia kwamba akae akijua, umeme ukirudi sitalala chumba kile mpaka boliti itoke. Akasimama. "Kama auniamini, rudia kwenu," akasema, akaenda zake garaji, pale kwenye kona. Mama naye alikuwa ametoka kwenda darsa ya wanawake msikitini. Nikabaki na mtoto na hasira zangu.

Basi nikafanya jambo ambalo mzazi hafanyi. Nilimfunga mtoto kifuani kwa kanga, nikavuka barabara mpaka kwa jirani ili nipate mtu wa kumlalamikia. Jirani aliponiona mlangoni alishika mdomo.

"We! Arobaini bado!"

"Arobaini itanikuta nimekufa," nikamjibu, nikaingia.

Tulikaa. Chai ikaja. Katikati ya maneno, redio yake ikaanza kuimba yenyewe, tukajua umeme umerudi. Nikakumbuka swichi. Nilijua kabisa Mama ameiacha imewashwa, ili maji yawe tayari akirudi. Nikasema moyoni, nimalize chai hii niende nikaizime. Lakini mtu mwenye hasira akipata msikilizaji, saa mbili kwake ni dakika mbili.

Kishindo kilipolia, sote tulikuwa chini kabla ya kufikiri. Jirani alikuwa anatoa shahada chini ya meza, mimi nimemkunjia mtoto mwili mzima. Mtaa wote ulilala chini. Siku zile kishindo kimoja hufuatwa na cha pili, kwa hiyo tulingoja cha pili. Hakikuja. Badala yake kitu kizito kikaanguka barabarani, na kupitia dirishani nikanyunyiziwa maji mkononi. Yalikuwa ya moto. Wala hapakuwa na ile harufu ya bomu.

Nilijikongoja mpaka mlangoni. Lile tangi jeupe lilikuwa limelala katikati ya barabara, tumbo limepasuka, linafuka mvuke. Yampayinka! Nyumba yangu ilikuwa imefunguka bati, na ukuta wa bafu haupo. Ulikuwa umelala juu ya kitanda. Miaka yote hiyo tuliogopa mabomu ya milimani, na hili tulilitundika wenyewe, tukalipigia makofi.

Hakuna aliyetoka nje. Watu bado walikuwa wanangoja cha pili. Mtu mmoja tu alikuja mbio kutoka kwenye kona, miguu mitupu, na mtu huyo alikuwa mume wangu. Alikimbia kwa sababu katika mtaa mzima yeye peke yake alijua papo hapo kwamba si bomu. Ina maana yale maneno ya muuza mawese yalikuwa yamemwingia. Alikuwa akiyajua siku zote.

Na alijua mzazi wa siku thelathini na tatu yuko wapi. Hata mtoto mdogo wa Buyenzi anajua. Alijitupa juu ya kile kifusi, akaanza kuchimba kwa mikono, matofali bado yanafuka.

"Mama ya mutoto! Mama ya mutoto, nijibu!"

Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua sita, mtoto kifuani, mzima, amelala. Niliiona mikono yake ikichubuka. Niliona akivuta kanga yangu chini ya matofali, akaishika, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume, na akarudi kuchimba kwa nguvu zaidi. Nilifungua kinywa nimwite. Nikakifunga.

Watu huniambia ni mshtuko, ulimi ulikuwa mzito. Inawezekana. Lakini naukumbuka mgongo wake, nakumbuka alivyokuwa akiniita, na nakumbuka nikisema moyoni: chimba.

Mwisho mtoto alilia. Akageuka. Alitutazama mmoja mmoja, mimi, mtoto, tena mimi, mikono yake inadondosha damu.

"Umefika saa ngapi hapo?"

"Sasa hivi tu," nikamwambia.

Akaketi palepale kwenye tope la moto, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, na mimi nikamwacha ashukuru.