Pampu ya Mama Jua

Kazini walimwita Mama Jua, wala si kwa mapenzi. Zamani alikuwa fundi hodari wa karakana na mtu wa utani, saa ya chakula benchi lake likijaa hadi wengine wanakula wamesimama. Kisha akabuni pampu ndogo ya kuvuta maji kwa nguvu ya jua. Kampuni ilikuwa imejijengea jina kwa pampu kubwa za dizeli. Ilimpongeza, ikampa chumba chake mwenyewe nyuma ya stoo, na tangu hapo akawa anakula peke yake. Hakuna aliyegombana naye. Walimkwepa tu, maana kila mwenye akili aliona pampu ile haina mkanda wa kukatika wala oili ya kubadilisha, na kampuni yenyewe ilikuwa inaishi kwa vipuri.

"Dada yangu, ukishamuuzia mtu hiyo, mwakani utamuuzia nini?" mkuu wa mauzo alimwuliza siku moja, nusu utani, nusu kweli.

Ikaja siku ya jaribio. Pampu ikifaulu, itatengenezwa kiwandani. Ikishindwa, chumba kinafungwa naye anapelekwa kaunta ya vipuri. Na jaribio la kampuni lilikuwa moja tu, lile lile tangu enzi za mwanzilishi: pampu mpya inafungwa kwenye kisima cha uani, chai inamiminwa, na tangi lazima lijae kabla birika halijaisha. Mama Jua alikuwa amewabembeleza wabadilishe. Pampu yake ni ya mkulima asiye na hela ya dizeli. Haina haraka, inavuta polepole kutwa nzima. Wakamjibu kwamba jaribio ni jaribio, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma.

Asubuhi wakakusanyika uani na vikombe vyao. Maji yakatoka membamba kama kidole.

"Jamani, hii inavuta maji au inakojoa?" mtu akasema, na uani kote wakaangua kicheko. Mama Jua naye akacheka, asije akaonekana ana kinyongo. Fundi mwenzake, waliyekaa naye benchi moja miaka nenda rudi, hakucheka, ila hakumtazama pia. Birika likaisha. Mkurugenzi akampa mkono.

"Umejitahidi, mama. Kwa kweli umejitahidi."

Wakarudi ndani. Mama Jua hakuizima pampu. Alipindua ndoo akaketi, akisikiliza maji yakiangukia ndani ya tangi. Mchana wenzake walipita kwenda kula, wakampungia mkono, wakaendelea na mazungumzo yao. Upweke ulimkaba mpaka akatamani hata yule wa mauzo aje amkejeli.

Jioni, watu wameshaondoka na jua bado halijazama, maji yakafika mdomo wa tangi, yakafurika, yakamlowesha miguu. Bila tone la dizeli! Akasimama akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumwonyesha. Uani palikuwa patupu. Akampigia simu fundi mwenzake.

"Limejaa! Limejaa lote!"

Upande wa pili watoto walikuwa wanapiga kelele.

"Kitu gani hicho, dada?"

Mama Jua akayatazama maji yakiendelea kufurika.

"Basi, hamna neno," akasema. "Nisalimie watoto."