Barafu Niliyoitia Chumvi

Siku ya kwanza kuuza barafu machimboni Tarime, wakati wa dhahabu, nilijiona mtu ambaye hakuna cha kumshangaza. Shule niliachia darasa la nne, ila friza na jenereta nilinunua kwa jasho langu. Wachimbaji wakitoka shimoni walitaka barafu za sukari za vipakiti, ngumu kama jiwe. Mwenye duara, yaani tajiri wa shimo, alinipa siri: ponda barafu, changanya na chumvi, zika vipakiti humo. Chumvi inaiyeyusha ile barafu, lakini ubaridi wake unashuka chini ya sifuri, na vipakiti havilegei. Niliwapita wenye vyeti, na hilo sifichi.

Vijana walipoanza kugeuza dhahabu kuwa ng'ombe, Afisa Mifugo, mama mmoja mkali, alinikodi kupeleka chanjo ya chambavu, ugonjwa unaomvimbisha ng'ombe paja na kumwua, kijijini Issenye kwa pikipiki. Kabla ya kufunga boksi la chanjo, aliziacha chupa za barafu mezani mpaka zikatoa jasho. Akatikisa moja sikioni kwangu.

"Unasikia nini, Chacha?"

"Maji, mama. Barafu yako inakufa."

"Haifi. Maji na barafu vikiwa pamoja, ubaridi unasimama kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe. Huo ndio tunaoutaka. Chanjo hii ikiganda imeharibika."

Mimi wa kufundishwa barafu? Yeye akatangulia na gari lililojaa wachanjaji na vifaa. Njiani jua likawaka, nikazipasua zile chupa, nikaponda barafu, nikatia chumvi kilo nzima, nikaizika chanjo humo.

Issenye, ng'ombe walikuwa wamejaa zizini tangu asubuhi. Chambavu ilikuwa imeshaua wawili kwa jirani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mwenye zizi.

"Marahaba. Umechelewa."

Mama akafungua boksi. Chanjo ilikuwa jiwe. Akaiyeyusha mkononi, akaitikisa. Ndani vikaelea vipande kama maziwa yaliyokatika.

"Nani kaweka chumvi?"

Nikainua mkono.

"Kumbe fundi wa barafu!" mzee akasema. "Ng'ombe wangu umewaletea koni?"

Watu wakacheka. Mzee mwenyewe hakucheka.

Chanjo nyingine ilifika baada ya siku sita. Katika siku hizo dume lake la jembe lilivimba paja, likafa.

Sasa nimestaafu, friza nimeiuza. Vijana, nilijua kuzidisha ubaridi. Kuuacha usimame mahali pake sikujua. Wenzangu hilo walifundishwa darasani. Mimi nililipia chanjo, mafuta na dume: shilingi laki tano, elfu thelathini na saba na mia tano.